Bunduki, Fataki na Moto Mjini: Katazo Moja Lililogawanyika Mara Tatu

Mwaka ukielekea ukingoni, tangazo la polisi huwa ni lile lile: marufuku kupiga fataki bila kibali, marufuku kuchoma matairi barabarani, na mwenye silaha asiifyatue hewani kwa kushangilia. Watu wa Lindi na Mtwara wamelizoea kiasi kwamba ni nadra kumsikia mtu akiuliza kwa nini mambo hayo matatu hutajwa kwa mkupuo mmoja. Bunduki ina sheria yake, fataki ina yake, moto nao una yake, na ofisi zinazosimamia ni tofauti. Ila katazo lenyewe lilizaliwa likiwa moja. Anayetaka kujua leo kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi hupotea kwa sababu hajui lilipogawanyika.

Tuanze na neno. Msomaji wa leo akisikia "fataki" anafikiria cheche za rangi angani, au anamkumbuka yule mzee wa matangazo ya redio anayewarubuni wanafunzi. Zamani pwani hii fataki ilikuwa kile kijisahani cha shaba chenye dawa ya mlipuko kinachowekwa chini ya nyundo ya bunduki. Bunduki za kale ziliitwa gumegume kwa sababu ziliwashwa kwa jiwe la gumegume. Zilizofuata ziliitwa bunduki za fataki. Yaani lugha yenyewe inakumbusha kuwa mlipuko wa furaha na mlipuko wa vita vilitoka katika kopo moja la baruti.

Baruti hiyo nyeusi ni mchanganyiko rahisi: kwa uzito, shura (chumvi ya nitrati) sehemu 75, makaa sehemu 15, kibiriti cha unga (salfa) sehemu 10. Shura ndiyo inayotoa hewa ya kuunguzia, na ndiyo sababu baruti huwaka hata ikifungwa ndani ya mtutu. Mpigaji wa gobori humimina baruti kwa mdomo wa mtutu, kisha huweka kitambaa au makumbi ya nazi, kisha hushindilia kwa mdeki. Kama ni bunduki ya kuwinda, huongeza risasi au gololi. Kama ni ya sherehe, huishia kwenye kitambaa. Wengi hudhani hiyo ya pili haina madhara kwa kuwa haina risasi. Lakini kile kitambaa hutoka mdomoni mwa mtutu kikiwa kinafuka moto na huruka mita kadhaa kabla ya kuanguka. Kikianguka mchangani, hakuna neno. Kikianguka juu ya paa la makuti lililokaukia mwezi wa Septemba, mtaa mzima uko hatarini.

Makuti ndiyo ufunguo wa habari hii kwa huku kwetu. Mikoa ya kusini ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na katikati ya kiangazi hicho kusi huvuma kutoka baharini kwa nguvu. Paa la makuti la mwezi wa Agosti ni kuni zilizopangwa vizuri, zimeinuliwa juu ya nguzo ili upepo upite chini yake. Cheche moja hutafuta ukingo, hupenya katikati ya majani, hukaa humo ikifukuta bila kuonekana, na moto hujitokeza watu wakiwa wameshalala. Ndiyo maana moto wa sherehe hauulizwi tu ulikuwa mkubwa kiasi gani. Linaloulizwa kwanza ni upepo ulikuwa unaelekea wapi.

Kifungu kilichozaa vingine

Miji ya Ulaya ilikuwa na paa za nyasi na kuta za mbao kabla ya kuwa na matofali, na ilijifunza kwa kuungua. Mnamo 1655 serikali ya Kiholanzi ya New Amsterdam, mji ambao leo ni New York, ilipiga marufuku kufyatua bunduki na kupiga ngoma siku ya mwaka mpya na siku ya kwanza ya Mei. Sababu zilizotajwa zilikuwa ulevi, ajali, na upotevu wa baruti. Sababu ya tatu ni ya ukweli sana. Mji mdogo wa pwani uliozungukwa na wenyeji wasioupenda haukuweza kumudu kuona ghala lake la ulinzi likiishia angani.

Uingereza ilitunga sheria ya kwanza ya nchi nzima dhidi ya fataki katika miaka ya mwisho ya 1690. Aliyetengeneza au kuuza alitozwa pauni 5, aliyerusha alitozwa shilingi 20. Angalia mgawanyo huo: muuzaji anaumizwa mara tano zaidi ya mrushaji. Watunga sheria walijua kuwa kumkamata mrushaji gizani ni kazi bure, kwa hiyo wakamlenga mwenye duka. Hata hivyo haikufaulu, kwa kuwa serikali hiyo hiyo ilikuwa na sheria nyingine, iliyopitishwa baada ya njama ya 1605 ya kulipua Bunge, iliyoagiza watu waadhimishe tarehe 5 Novemba kila mwaka. Watu waliadhimisha kwa mioto na fataki. Sheria ya maadhimisho haikufutwa hadi 1859.

Halafu ikaja sheria ya barabara ya 1835, iliyomtoza faini isiyozidi shilingi 40 mtu anayewasha moto mkubwa, kufyatua bunduki au kurusha fataki ndani ya futi 50 kutoka katikati ya njia ya magari, takribani mita 15. Sababu ilikuwa farasi. Farasi akishtuka na mkokoteni nyuma yake, watu hufa. Na mwaka 1847 ikapitishwa sheria ya polisi wa miji, ambayo kifungu chake cha 28 ndicho kinachostahili kusomwa taratibu. Kinaorodhesha makosa mengi ya mtaani, na katika mstari mmoja kinaweka pamoja anayefyatua silaha ovyo, anayerusha jiwe, anayewasha moto mkubwa na anayewasha fataki. Adhabu: faini isiyozidi shilingi 40 au kifungo kisichozidi siku 14.

Kifungu hicho hakisemi kwamba bunduki ni haramu, wala fataki, wala moto. Kinaweka masharti mawili ambayo lazima yote yatimie. Kwanza, kitendo kifanyike mtaani, ndani ya mipaka ya mji. Pili, kiwe kero, kizuizi au hatari kwa wakazi na wapita njia. Ukiondoa sharti moja, kosa linaanguka. Huo ndio mtindo ulioenea katika miji iliyotawaliwa na Waingereza duniani: hawakatazi kitu, wanakataza kitu mahali fulani, kwa namna fulani, bila ruhusa. Anayesoma sheria ndogo za mji bila kulijua hili husoma "marufuku" na kuruka maneno matano yanayofuata, kumbe sheria yenyewe imo katika maneno hayo matano.

Pwani ya kusini kabla ya hapo

Huku hali ilikuwa nyingine. Lindi na Mikindani zilikuwa bandari za misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ikiwa na pembe za ndovu, sandarusi, mpira na, kwa aibu ya historia, watumwa. Msafara ukikaribia mji ulifyatua bunduki ili watu wajue umefika salama na mwenye mali ajiandae. Mji nao ulijibu. Mizinga na bunduki zilitangaza mwezi wa Ramadhani na Idd; Unguja desturi hiyo ilikuwa na mizinga rasmi ya Sultani. Mlio wa bunduki ulikuwa barua. Liwali asingeukataza kwa sababu ndio uliomletea habari na ushuru.

Mambo yaligeuka mwaka 1890. Mwezi Mei majeshi ya Kijerumani chini ya Wissmann yalizitwaa Lindi na Mikindani baada ya vita vya pwani vilivyoanza 1888. Tarehe 2 Julai mwaka huo huo mataifa yalitia sahihi mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa ulizuia kuingiza silaha na baruti katika eneo la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Mkataba ulitofautisha silaha mbili. Bunduki za kisasa, zenye mistari ya msokoto ndani ya mtutu au zinazojazwa kwa nyuma, zilizuiwa kabisa isipokuwa kwa idhini maalumu, nazo zilipaswa kugongwa mhuri na kuandikwa katika daftari. Gumegume na baruti ya kawaida ya biashara ziliweza kuruhusiwa katika maeneo ambayo serikali iliyataja, lakini zikae katika ghala la serikali na zisitolewe bila kibali.

Hapo ndipo tofauti yetu na New Amsterdam inapoonekana. Kule mji ulizuia milio ili kuhifadhi baruti yake. Huku mtawala alizuia baruti yenyewe, ili mlio wa sherehe usije kuwa mlio wa vita. Baada ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, bunduki ya mwananchi wa kusini ilihesabiwa kuwa jambo la usalama wa dola kuliko jambo la utulivu wa mtaa. Fikra hiyo haijatoka. Hata leo leseni ya silaha inapita polisi, si halmashauri, na hakuna diwani anayeweza kuibadilisha kwa sheria ndogo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika waliweka tarehe ya kupokea sheria za Uingereza kuwa 22 Julai 1920, na pamoja nazo wakaleta sheria kadhaa za India, ikiwemo ile ya makosa ya jinai. Sheria hiyo ya India ilikuwa na vifungu viwili vinavyofuatana, 285 na 286: cha kwanza kwa anayechezea moto kwa uzembe, cha pili kwa anayechezea mlipuko kwa uzembe, vyote kifungo kisichozidi miezi sita au faini isiyozidi rupia 1,000. Mwaka huo huo wa 1920 ilitungwa sheria ya miji, na kwa sheria hiyo serikali iliweza kutangaza mji kwa mipaka maalumu na kuutungia kanuni zake: takataka, mifugo, vileo, ujenzi, kelele, moto. Mwaka 1930 Kanuni ya Adhabu ilichukua nafasi ya ile ya India. Ndiyo tunayotumia hadi sasa, ingawa imefanyiwa marekebisho mengi. Kifungu cha 233 kimevirithi vile viwili: uzembe unaohatarisha maisha, kwa moto au kwa mlipuko, ni kosa mahali popote. Hakiulizi kama uko mjini au shambani.

Mgawanyiko ulivyo leo

Silaha iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyoiondoa ile ya 1991. Gobori lililochongwa na fundi wa kijijini kwa bomba la maji ni silaha kama nyingine, na kutokuwa na namba hakulifanyi liwe chombo cha mila. Polisi wamekuwa wakitoa vipindi vya kusalimisha silaha bila kushtakiwa. Mwenye gobori la urithi la babu afadhali alipeleke katika kipindi hicho kuliko kungoja likutwe darini.

Na kwa wanaopiga risasi hewani kwa furaha: risasi iliyopaa wima hurudi kwa mwendo wa takribani mita 60 hadi 90 kwa sekunde, unaotosha kupasua fuvu. Iliyopigwa kwa mshazari ni mbaya zaidi, kwani hubaki na sehemu kubwa zaidi ya mwendo wake wa awali na hutua mbali, penye watu wasiojua kama kuna sherehe.

Fataki nazo zinaangukia Sheria ya Baruti ya 1963, ambayo usimamizi wake umo katika sekta ya madini kwa kuwa walipuaji wakubwa ni wachimbaji. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anaomba kibali cha fataki kwa afisa utamaduni, anapewa barua ya kuruhusu sherehe, anaamini mambo yamekwisha. Barua ile inaruhusu mkusanyiko na muziki. Haimruhusu kulipua. Kinachotakiwa ni fataki zilizoingizwa nchini na kuuzwa kwa kibali, polisi wa wilaya kupewa taarifa ya maandishi mapema, na Zimamoto kujua mahali na saa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya 2007, na namba yake ni 114. Kelele nazo zina kanuni za mazingira za 2015. Kwa Mtwara na Lindi kuna uzito mwingine: neno baruti hapa linaleta harufu ya uvuvi haramu. Anayekutwa na milipuko isiyo na karatasi karibu na ufuko wa Msimbati au Mikindani atashukiwa kwanza kuwa anavua kwa baruti, na maelezo ya harusi yatakuja baadaye sana.

Umbali ni jambo la hesabu. Viwango vya Uingereza hutenganisha fataki za bustani, watazamaji wakae mita 8, na zile kubwa za kutazamwa, wakae mita 25. Uwanja wa nyuma wa nyumba nyingi za Mikindani ya kale haufiki hata hizo 8. Mji wa Mtwara, uliopangwa upya mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga na bandari yake, una mitaa mipana na viwanja vikubwa, hivyo fataki zile zile zilizo hatari Mikindani zinaweza kupata umbali unaotosha Mtwara mjini. Ile isiyolipuka isisogelewe kwa angalau nusu saa, kisha ilowekwe kwenye ndoo ya maji. Ajali nyingi za mikono hutokea mtu anaporudi "kuiangalia".

Uliobaki ni moto. Huu ndio uliobakia zaidi mikononi mwa halmashauri na vijiji. Sheria za serikali za mitaa za 1982, namba 7 kwa wilaya na namba 8 kwa miji, zinazipa mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Rasimu hupitia kwenye vikao, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni, Waziri huidhinisha, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Sheria ndogo ya kijiji huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Bango lililobandikwa na mtendaji peke yake ni tangazo, halijawa sheria. Ukitozwa faini kwa bango, omba kuonyeshwa namba ya tangazo la Gazeti. Kwa upande wa mapori na mashamba ipo Sheria ya Misitu ya 2002, yenye sehemu nzima ya moto. Wakulima wa korosho hawahitaji kuhubiriwa kuhusu hilo, kwa sababu moto wa mwindaji wa panya unaweza kumaliza mikorosho ya miaka ishirini katika alasiri moja.

Matairi yanayochomwa usiku wa mwaka mpya ndiyo moto wa sherehe wa leo. Ubaya wake ni wa aina yake. Tairi halizimiki kwa ndoo mbili za maji, moshi wake una sumu, joto lake hulainisha lami, na nyaya zinazobaki asubuhi hutoboa bodaboda. Kuni kavu zina afadhali kwa kila kipimo, kama zitakaa mita 18 kutoka kwenye nyumba na miti, umbali ambao zimamoto wa Uingereza huwashauri watu wao wenye nyumba za matofali. Penye makuti uongezwe, na upepo upimwe.

Hapa mila inastahili heshima kuliko inayopewa. Kambi ya jando huku kwetu, ile ambayo Wamakonde huiita likumbi, hujengwa porini, nje ya makazi. Jando likimalizika huchomwa moto, na vijana huondoka bila kugeuka nyuma. Vivyo hivyo Siku ya Mwaka pwani: moto wa zamani ulizimwa, majivu yakatolewa, ukapekechwa mpya. Katika zote mbili moto una mahali, una saa na una msimamizi. Miji ya Uingereza ilichukua miaka mingi kufika hapo. Mwaka 1847 watu wa Lewes, mji wa kusini mwa Uingereza, walipigana na polisi waliokuja kuzima mioto yao ya tarehe 5 Novemba mitaani. Leo mji huo una vyama vya kusimamia maandamano, na mioto imehamia viwanjani. Polisi peke yao hawakuweza. Kilichowezekana ni kuupa moto mahali pake.

Swali gumu zaidi halihusu sherehe kabisa. Katazo la kufyatua mjini linategemea mpaka wa mji, na mpaka wa mji unahama. Naliendele imo ndani ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Ng'apa imo ndani ya Manispaa ya Lindi, na kote huko kuna watu wanaolima na kulinda mazao dhidi ya nyani na nguruwe. Mwenye leseni ya bunduki aliyepewa kwa ajili ya kulinda shamba anaweza kuamka akiwa na shamba lile lile, bunduki ile ile na nyani wale wale, ila nyumba mpya tatu zimejengwa mbele ya mtutu wake. Hajahama, mji ndio umemfuata. Kwa mtu huyo kuisoma leseni hakutoshi. Aende ofisi ya ardhi ya manispaa aangalie kiwanja chake kimepangiwa matumizi gani, kisha aende polisi na jibu hilo kabla ya msimu wa korosho kuanza.